Maktaba ya Programu ni Mali ya Wote: Nani Ataitunza?

Ni kosa lililoenea kudhani kwamba kila programu ya kompyuta ni kitu kizima kilichoandikwa na mtu mmoja, au kampuni moja, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukweli ni kinyume chake. Programu ya kuandikia barua, ya kuonyeshea picha au ya kutumia fedha kwa simu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuomba msaada. Huita maktaba moja ili ichore herufi, nyingine ili ibane mafaili, na nyingine ili ifiche siri za mtumiaji. Mwanafunzi asiyeelewa jambo hili atajua kutumia kompyuta, lakini hatajua namna inavyojengwa. Na taifa lisilolielewa litaishi kwa kutumia kazi za wengine bila kuwa na sauti katika jinsi kazi hizo zinavyofanywa.

Mashine ya kusaga

Katika kata ya Mugeta, wilayani Bunda, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Mara, si kila kaya yenye mashine ya kusaga. Mwenye mahindi, mtama au mihogo mikavu huchukua debe lake akaenda mashineni. Masharti yanajulikana na kila mtu: nafaka iwe kavu, isiwe na mawe, na ada ilipwe. Anayetimiza masharti hayo hupata unga. Hana haja ya kujua injini ni ya aina gani wala mkanda wake umefungwaje. Zaidi ya hayo, mwenye mashine akibadili chekeche, unga wa kijiji kizima hubadilika siku hiyohiyo. Na mashine ikiharibika, kijiji kizima hutaabika kwa pamoja.

Maktaba ya pamoja ya programu hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Ni mkusanyo wa vijiprogramu, kila kimoja kikiwa na jina lake, masharti ya kile kinachopokea na ahadi ya kile kinachorudisha. Programu yoyote katika kompyuta ile yaweza kukiita. Kijiprogramu huandikwa mara moja, na wanaokiita huweza kuwa mia au elfu.

Wazo lenyewe si geni. Kompyuta ya EDSAC ilipoanza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwezi Mei 1949, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walitambua upesi kwamba kila mtafiti alikuwa akiandika upya hesabu zilezile za kipeo na za mizizi, na kila mmoja akirudia makosa yaleyale. Wakaanza kuhifadhi vijiprogramu vilivyokwisha kujaribiwa, vikiwa vimetobolewa katika tepu za karatasi. Kufikia 1951 maktaba hiyo ilikuwa na vijiprogramu 87, na mwaka huohuo wataalamu hao watatu walichapa kitabu kilichoieleza njia yao kwa ulimwengu. Wakati ule, hata hivyo, tepu ya kijiprogramu ilinakiliwa ndani ya tepu ya kila programu iliyokihitaji. Katika miaka ya 1960 mradi wa Multics wa Marekani ulipiga hatua nyingine: msimbo mmoja uliokaa katika kumbukumbu ya kompyuta uliweza kuitwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, bila kila programu kubeba nakala yake.

Namna maktaba inavyotengenezwa

Yafaa mwanafunzi aione kazi hii kwa macho yake, kwani si ngumu kama inavyodhaniwa. Chukulia kwamba ameandika, kwa lugha ya C, kijiprogramu cha kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, akakihifadhi katika faili liitwalo namba.c. Katika kompyuta ya Linux, amri moja yatosha:

gcc -shared -fPIC -o libnamba.so namba.c

Hapa kompaila husoma msimbo uliosomeka kwa binadamu na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine. Neno -shared huamuru kwamba kinachotengenezwa kiwe maktaba ya kuitwa na programu nyingine. Neno -fPIC lina maana nzito zaidi. Programu zinazoiita maktaba hazikai mahali pamoja katika kumbukumbu, na kila moja huweza kuipa maktaba hiyo anwani tofauti. Kwa hiyo msimbo wa maktaba haupaswi kusema "nenda nyumba nambari 40". Hauna budi kusema "nenda nyumba ya nne kutoka hapa ulipo". Msimbo wa namna hiyo hufanya kazi popote unapowekwa, kama mgeni anayeelekezwa njia kuanzia pale aliposimama.

Baadaye mwanafunzi mwingine aliyeandika programu ya kutoa risiti huiunganisha na maktaba hiyo:

gcc risiti.c -L. -lnamba -o risiti

Msimbo wa libnamba haunakiliwi ndani ya programu ya risiti. Kinachoandikwa humo ni jina tu, yaani habari kwamba maktaba hii itahitajika. Siku programu inapoendeshwa, mfumo wa kompyuta huitafuta maktaba hiyo mahali ulipoelekezwa, huipakia katika kumbukumbu, kisha huunganisha kila wito na kijiprogramu chake. Programu kumi zikiiita kwa wakati mmoja, msimbo uliomo katika kumbukumbu ni ule mmoja. Kila programu hutunza kando data zake yenyewe, kama vile kila mteja wa mashine ya kusaga anavyotunza unga wake. Mafaili ya namna hii yamo katika kila kompyuta na kila simu ya kisasa. Katika Linux na Android majina yake huishia na .so, na katika Windows huishia na .dll.

Hasara ya kila mtu kujisagia

Swali la msingi ni hili: nani anayeandika maktaba hizo, na kwa mahitaji ya nani? Mfano wa pamba utalifafanua.

Mkulima wa Mugeta akiuza pamba kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, hustahili kupata stakabadhi yenye kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno. Maneno huwekwa ili tarakimu zisichezewe. Sasa chukulia kwamba stakabadhi imeandikwa "shilingi elfu mia mbili na tano". Je, ni 205,000 au 200,005? Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba maneno hayo yaweza kubeba maana zote mbili. Wapo wanaopendelea "mia mbili na tano elfu" kwa 205,000 ili kuondoa utata. Wapo wanaosema "laki mbili na elfu tano". Kila njia ina watetezi wake. Tofauti kati ya maana hizo mbili ni shilingi 4,995, na atakayeumia ni yule asiye na nguvu ya kubishana dirishani.

Endapo mwandishi wa programu ya ushirika ataamua peke yake, mwandishi wa programu ya benki ataamua vingine, na mwandishi wa programu ya halmashauri ataamua la tatu, nchi itakuwa na Kiswahili cha namna tatu katika hati za fedha. Hitilafu itakayogunduliwa katika programu moja itasahihishwa humo tu, huku ikiendelea kudhuru katika nyingine mbili. Kama zote tatu zingeita maktaba moja, uamuzi ungefanywa mara moja, hadharani, na marekebisho yangewafikia wote.

Mfano wa pili uko mkononi mwa kila mwanafunzi mwenye simu. Mwalimu akitangaza kwamba mtihani utaanza saa mbili asubuhi, simu iliyowekewa Kiswahili huandika 8:00. Majina ya siku na miezi yametafsiriwa, lakini hesabu yenyewe ya saa imebaki ya kigeni. Kuigeuza si kazi kubwa: chukua saa ya simu kwa mpangilio wa 0 hadi 23, ongeza 6, gawanya kwa 12, kisha chukua baki, baki likiwa 0, andika 12. Saa 7 ya simu huwa moja, saa 13 huwa saba, na saa 0 huwa sita. Ugumu hauko katika hesabu bali katika mipaka. Alfajiri inakoma lini na asubuhi inaanza lini? Saa tano ya usiku wa kuamkia Jumatatu iandikwe chini ya siku gani? Anayeandika programu kwa haraka hujibu maswali hayo bila kujua kwamba ameulizwa.

Mambo hayo mawili yanafundisha jambo moja. Kabla ya kuwa msimbo, maktaba ya programu ni mapatano. Msimbo wa libnamba mwanafunzi hodari wa kidato cha tatu aweza kuuandika katika juma moja. Mapatano kuhusu "elfu mia mbili na tano" yanamhitaji mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa hisabati, karani wa ushirika na Baraza la Kiswahili la Taifa.

Asiyekuwapo hana neno

Wako watakaosema kwamba dunia imekwisha kutengeneza maktaba za kutosha, na kwamba kazi ya nchi changa ni kuzitumia tu. Hoja hiyo inasahau kwamba anayetunza maktaba ndiye anayeamua.

Kompyuta na simu nyingi duniani hutegemea jedwali moja la majira ya saa, ambalo tangu 2011 limo chini ya IANA, taasisi ya kimataifa inayoratibu majina na namba za intaneti. Katika jedwali hilo Dar es Salaam ilikuwa na ukurasa wake. Mwaka 2014 watunzaji waliifanya kuwa kiungo tu cha Nairobi, kwa sababu saa za miji hiyo miwili hazijatofautiana tangu 1970. Kwa tarehe za leo hakuna aliyedhurika, na uamuzi ulikuwa na mantiki yake. Lakini zamani saa za miji hiyo hazikwenda sambamba wakati wote, na historia hiyo ya Dar es Salaam iliondolewa katika jedwali kuu ikawekwa katika faili la pembeni. Hakukuwa na hila. Palikuwa na watu wachache wa kujitolea waliotaka kupunguza mzigo wao, na ukurasa usio na mtetezi ndio unaofungwa kwanza.

Historia ya kompyuta nchini ina somo la jirani na hilo. Kompyuta ya kwanza ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miongoni mwa mambo yaliyochangia uamuzi huo yalikuwa matatizo ya hesabu zilizofanywa kwa mashine na uhaba wa wataalamu wa nchini wa kuyatatua. Marufuku ililegezwa baadaye. Somo lake halikupitwa na wakati: mashine isiyo na fundi wa hapahapa ni deni.

Wala haiwezi kusemwa kwamba uwezo haupo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakuandika upya hesabu zote zilizomo. Waliikuta kazi ya wengine iko wazi, wakaongeza yale ambayo msemaji wa Kiswahili tu ndiye angeweza kuyaongeza. Ndiyo njia ifaayo, mradi ipate watu wa kuiendeleza kila programu inapobadilika.

Hoja za wapinzani

Ipo hoja nyingine yenye uzito zaidi. Wahandisi wengi wa siku hizi husema kwamba kumbukumbu na diski zimekuwa rahisi, hivyo ni salama zaidi kila programu kubeba nakala yake ya kila inachohitaji. Hawakosei kabisa. Katika miaka ya 1990 watumiaji wa Windows walitaabika mara nyingi pale programu mpya ilipobadili maktaba ya pamoja na kuiua programu ya zamani. Chekeche lililobadilishwa kumpendeza mteja mmoja liliharibu unga wa mwingine.

Lakini gharama haijatoweka, imehamishwa tu. Chukulia kompyuta ya shule yenye programu 20, kila moja ikibeba nakala yake ya maktaba ya megabaiti 2. Kosa likigunduliwa katika maktaba hiyo, shule itapakua megabaiti 40 badala ya 2, endapo waandishi wote 20 watakumbuka kutoa sahihisho. Kwa ofisi ya mjini yenye intaneti ya kasi, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwalimu wa kijijini anayenunua bando kutoka mfukoni mwake, ni sababu ya kuacha kosa likae mwaka mzima.

Dawa ya ugomvi wa matoleo inajulikana: ahadi iliyokwisha kutolewa haivunjwi. Kijiprogramu kikisema kinapokea tarakimu moja na kurudisha maneno, kisianze kesho kudai vitu viwili. Likihitajika jambo jipya, kiongezwe kijiprogramu kipya chenye jina jipya. Na ikibidi kuvunja, maktaba ipewe namba nyingine, libnamba.so.2, huku libnamba.so.1 ikiachwa kwa ajili ya waliozoea. Hiyo ni adabu ya kazi kama zilivyo adabu nyingine, na yaweza kufundishwa shuleni.

Mtunzaji

Linalobaki ni gumu kuliko yote. Kitu cha wote huweza kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, maktaba inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa na kosa lililopewa jina la Heartbleed. Kosa hilo, lililokuwamo katika matoleo yake tangu 2012, lilimwezesha mtu wa mbali kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta ya mwingine. Pale programu zilipoiita maktaba ya pamoja, tiba ilikuwa kubadili faili la maktaba na kuziwasha upya programu. Pale kila programu ilipokuwa imebeba nakala yake, ilibidi zitafutwe moja moja.

Mwezi Machi 2024 lilitokea la kutisha zaidi. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta ya mbali kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Akafuatilia, akagundua kwamba katika maktaba ya kubana mafaili iitwayo liblzma palikuwa pametiwa mlango wa siri. Maktaba hiyo ilikuwa imetunzwa kwa miaka na mtu mmoja wa kujitolea. Aliyeutia mlango huo alikuja kwa sura ya msaidizi, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akakabidhiwa funguo. Mfumo wote ulitegemea uvumilivu wa mtu mmoja, na uliokolewa na udadisi wa mwingine.

Kwa hiyo kusema "tuandike maktaba ya Kiswahili" ni nusu ya pendekezo. Nusu ya pili ni kumtaja atakayeamka kulisahihisha kosa miaka mitano baada ya makofi kunyamaza.

Shamba la shule

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule ziwe mahali pa kuzalisha na si pa kupokea tu. Shule nyingi zililielewa kwa maana ya jembe na shamba. Maana hiyo haikuwa mbaya, lakini leo lipo shamba jingine lisilohitaji ekari.

Yafaa kila klabu ya kompyuta ya sekondari ipewe kijiprogramu kimoja cha kukitunza: kimoja namba, kingine saa, kingine kupanga majina kwa alfabeti au kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kufuata silabi. Wanafunzi waandike masharti yake kwa Kiswahili fasaha kabla ya kuandika msimbo. Watunge mitihani ya kukipima: 0, 11, 100, 1,001, 200,005, 205,000. Kila kidato cha nne kinapomaliza, kikabidhi daftari la makosa na masahihisho kwa wanaobaki, kama zana za shamba zinavyokabidhiwa. Vyuo vikuu vikague msimbo, Baraza la Kiswahili la Taifa liamue kuhusu maneno, na Mamlaka ya Serikali Mtandao itake mifumo ya umma iite maktaba zilizopitishwa badala ya kila mkandarasi kujiandikia yake.

Patakuwa na makosa, na hilo si sababu ya kungoja. Mwanafunzi wa Mugeta atakayepata kuona kwamba stakabadhi ya pamba ya baba yake imeandikwa kwa maneno yasiyo na utata, kwa sababu ya mistari michache aliyoitunza yeye na wenzake, atakuwa amejifunza jambo ambalo mtihani haulipimi: kwamba kompyuta ni mkusanyo wa ahadi za watu, na kwamba naye aweza kutoa ahadi na kuitimiza.